Elimu kwa Umma: Binti Mnyanyua Uzani na Vidonge vya Nyumbani

Orodha mpya ya dawa zilizopigwa marufuku michezoni huanza kutumika Januari 1 kila mwaka, na kila Januari simu za ofisini kwetu hazitulii. Safari hii wengi wanaopiga ni wazazi wa mabinti wanaonyanyua uzani, na swali la kwanza ni lile lile: "Daktari, vyuma havitamwotesha ndevu? Havitamharibia kizazi?" Havitamfanya lolote kati ya hayo. Wanawake wananyanyua uzani Olimpiki tangu Sydney 2000. Tulidhani mjadala huu ulishafungwa. Kinachootesha msichana ndevu ni homoni za kiume, nazo hazikai kwenye chuma. Zinakaa kwenye kichupa alicholetewa na mtu.

Na hapo ndipo penye kazi. Kanuni inamtaka mwanamichezo ajibu kwa chochote kitakachopatikana mwilini mwake, alijua au hakujua. Watu wakisikia pufya, yaani dawa zilizokatazwa michezoni, huwazia sindano za kujificha chooni, ilhali kinachoninyima usingizi mimi ni kabati la nyumbani. Klomifini, anayoandikiwa mwanamke anayetafuta ujauzito, ni marufuku wakati wote. Spironolaktoni, ambayo baadhi ya madaktari huwapa wasichana kwa ajili ya chunusi, ni marufuku vilevile, kwa kuwa ni dawa ya kukojoza. Kidonge cha presha cha nyanya, kile kinachomfanya aende haja ndogo kutwa nzima, binti hukimeza ili ashuke kilo mbili kabla ya kupanda mizani. Kwetu hilo ni kosa hata kama hakunyanyua vizuri. Deksamethasoni, inayouzwa kichinichini kama kidonge cha kunenepesha, haifai kumezwa katika kipindi cha shindano. Kipindi hicho huanza saa 5:59 usiku wa kuamkia siku ya shindano. Asubuhi ya shindano tayari umechelewa. Vidonge vya kupanga uzazi, kwa wale wanaouliza kwa kunong'ona, havijakatazwa.

Dawa ikiwa ni ya lazima, omba kibali cha matumizi kwa tiba. Fomu hujazwa na mwanamichezo pamoja na daktari wake, ikiambatana na rekodi za hospitali, na huletwa angalau siku 30 kabla ya shindano. Barua ya daktari iliyoandikwa jana jioni si kibali. Nairudia: si kibali.

Makocha huniambia kwamba haya ni mambo ya mtu mmoja mmoja, aliyekosea ataadhibiwa peke yake. Mtazameni Sara Samir wa Misri. Mwaka 2016, akiwa na miaka 18, alikosa mitihani yake ya mwisho ya sekondari ili ashindane Rio, akanyanyua jumla ya kilo 255 na kurudi na shaba ya uzani wa kilo 69. Mwaka huohuo wanyanyuaji wenzake wa Misri, baadhi wakiwa vijana wadogo, walipatikana na dawa. Nchi nzima ikafungiwa miaka 2 kuanzia 2019, na Olimpiki ya Tokyo ikampita akiwa katika umri wake bora. Alirudi Paris 2024 na kutwaa fedha ya kilo 81 kwa jumla ya kilo 268. Alivumilia, wangapi wangevumilia?

Kuna na waliosubiri upande wa pili. Madias Nzesso wa Kamerun alimaliza wa sita London 2012 katika kilo 75. Watatu wa kwanza walipokonywa medali miaka kadhaa baadaye kwa sababu ya dawa, na shaba ikawa yake. Sampuli huhifadhiwa hadi miaka 10, kwa hiyo kutopatikana leo hakumaanishi kwamba mambo yamekwisha.

Sasa chumba cha vipimo, kwa sababu ndicho kinacholeta malalamiko mengi. Binti hupimwa uzito saa 2 kabla ya kushindana, mara nyingi akiwa amejinyima maji tangu jana yake. Akimaliza kunyanyua hana mkojo. Nimekaa na msichana wa miaka 17, chaki bado viganjani, akinywa chupa moja baada ya nyingine za maji yaliyofungwa hadi usiku ukakomaa, kwa sababu kiasi cha kwanza kilikuwa chepesi mno na kilikataliwa. Zinahitajika mililita 90 zisizopungua. Ofisa anayeshuhudia lazima awe mwanamke, na ni kweli hushuhudia: fulana hupandishwa, mikono hukunjwa, hakuna kugeuka. Aliye chini ya miaka 18 aje na mwakilishi. Mwakilishi humtazama ofisa anavyofanya kazi yake, hamtazami binti, isipokuwa binti mwenyewe aombe. Vifaa huchaguliwa na binti, chupa A na B za mkojo wake huzifunga yeye mwenyewe. Mama anayesema mwanawe "alivuliwa nguo na watu wa serikali" angeniuliza kwanza.

Adhabu ya homoni za kiume ni kufungiwa kushindana miaka 4. Aliye chini ya miaka 16, akithibitisha kwamba hakuwa na kosa kubwa, anaweza kupewa onyo au kufungiwa hadi miaka 2. Kocha aliyempa mtoto huyo homoni hizo hufungiwa maisha. Kukataa kupimwa nako ni miaka 4, kwa hiyo msimshauri akimbie kupitia mlango wa nyuma.

Makala haya hayachukui nafasi ya kanuni zenyewe, na sitajibu kwa simu kama dawa fulani ya mitishamba ni salama. Chupa isiyoorodhesha vilivyomo siwezi kuisemea.

Mwisho wa fomu ya vipimo kuna mistari ya kuandika dawa na virutubisho vyote vya siku 7 zilizopita. Mabinti wengi huiacha tupu kwa kuogopa kujishtaki. Andikeni yote, hata panadoli ya juzi.