Mtoto ana baridi yabisi, macho yanaingiaje hapo? Maswali na majibu

Swali: Mwanangu anavimba goti, kakutwa na arthraitisi (baridi yabisi). Sasa daktari anatutuma kliniki ya macho. Goti na jicho wapi na wapi?

Zinahusiana sana tu. Arthraitisi ya watoto, ile inayoanza kabla ya miaka 16 na kukaa wiki 6 au zaidi bila sababu nyingine kujulikana, siyo ugonjwa wa viungo peke yake, ni kinga ya mwili imechanganyikiwa inamshambulia mwenyewe, na sehemu nyingine inayopenda kushambulia ni ndani ya jicho, karibu na lile duara la rangi linalozunguka mboni. Uvimbe huo unaitwa yuveitisi. Kwa kukadiria, watoto 10 mpaka 20 katika kila 100 wenye arthraitisi hii wanaupata.

Swali: Mbona macho yake meupe pee, hayamuumi wala halalamiki?

Mtego ndo uko hapo. Sisi tumezoea jicho bovu ni jekundu lina tongotongo, ila hii mara nyingi inakula kimyakimya. Halafu mtoto wa miaka 3 atakwambiaje haoni vizuri wakati hajui kuona vizuri kukoje, jicho moja likififia anatumia lingine na anacheza kama kawaida. Ukija kuona mwenyewe mboni haina duara zuri au kuna utando mweupe, madhara yameshaingia: mtoto wa jicho, presha ya jicho, hata upofu. Kwahiyo usisubiri dalili, fuata tarehe ya kliniki. (Kuna aina nyingine, zaidi kwa wavulana wakubwa, hiyo jicho linawaka ghafla, linauma na halitaki mwanga. Hiyo ukimbie hospitali siku hiyohiyo.)

Swali: Apimwe kila baada ya muda gani?

Walio kwenye hatari zaidi kila miezi 3: ugonjwa ulianza kabla ya miaka 7, viungo vilivyovimba ni vichache, kipimo cha damu cha ANA (kinachotafuta kingamwili zinazoshambulia mwili wenyewe) ni pozitivu, na miaka 4 ya mwanzo ndo mibaya zaidi. Wengine miezi 6 mpaka 12, daktari atapanga. Goti likipona usiache, jicho halifuati ratiba ya goti. Na kumulikwa tochi au kusoma herufi ukutani haitoshi, inatakiwa ile mashine ya kuweka kidevu, yenye darubini na mwanga mwembamba.

Swali: Inatibika?

Ikiwahiwa inadhibitiwa vizuri. Wanaanza na matone ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) pamoja na ya kutanua mboni isije ikagandana na lensi iliyo nyuma yake. Isipotulia anapewa methotrexate, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, ambayo ni MARA MOJA KWA WIKI, siyo kila siku, tafadhali sana. Ikigoma kuna sindano ya adalimumab, nayo ya kutuliza kinga, bei yake iko juu, na kabla ya kuanza lazima apimwe TB.

Swali: Matone yakiisha naweza kununua tu duka la dawa?

Hapana. Steroidi zikitumika muda mrefu bila kupimwa zenyewe zinaleta presha ya jicho na mtoto wa jicho. Kuyakata ghafla nako uvimbe unarudi. Yanapunguzwa taratibu.

Swali: Akiweka ya kutanua mboni anashindwa kusoma darasani, nifanyeje?

Ni kawaida, ya karibu yanakuwa na ukungu na jua linamchoma. Mwambie mwalimu, mpe kofia, na muulize daktari kama dozi inaweza kuwekwa usiku.