Rezonansi Haiongezi Tu: Kwa Nini Besi Hupotea

Wengi wanaoanza kuunda programu-jalizi (programu ndogo inayochomekwa ndani ya programu ya muziki) ya kichujio cha kupitisha sauti nzito huamini kwamba kazi ya kitufe cha rezonansi, yaani mkazo wa sauti zilizo karibu na pale kichujio kinapoanza kukata, ni kuongeza nguvu tu, na kwa hiyo besi inapofifia kadiri kitufe kinavyozungushwa, huanza kusaka kosa katika msimbo. Mara nyingi kosa halipo.

Katika kichujio cha ngazi, ambacho Robert Moog, mbunifu wa ala za muziki za kielektroniki, alikipatia hataza nchini Marekani mwaka 1969, hatua nne za kuchuja hufuatana, na rezonansi hupatikana kwa kuirudisha kwenye ingizo sauti inayotoka, ikiwa imegeuzwa alama (chanya kuwa hasi). Kwenye frikwensi ya ukomo, yaani pale kichujio kinapoanza kukata, hatua hizo nne zimekwisha kuichelewesha sauti kwa nusu mzunguko, hivyo mgeuzo ule hufutika na sauti inayorudi huijazia inayoingia. Besi haikucheleweshwa, basi inayorudi huipunguza. Kipimo chake ni 1/(1+k), k ikiwa kiasi cha mrejesho, yaani sauti inayorudishwa: k ikifika 4, kichujio huanza kupiga mluzi chenyewe, na besi imebaki moja ya tano, yaani imeshuka kwa takriban desibeli 14.

Anayetaka besi ibaki na aizidishe sauti inayoingia kwa 1+k. Mimi hupendelea fidia ya nusu, kwa kuwa iliyo kamili huufanya mluzi utoboe masikio. Kosa la kweli la kuchunguza ni ucheleweshaji wa sampuli moja (kipimo kimoja kati ya maelfu ya vipimo vya sauti kwa sekunde) ndani ya mrejesho, ambao huutoa mluzi kwenye noti yake, hasa katika frikwensi za juu.