Kabla hujaniuliza ipi kali, Ford Mustang au Mini Cooper S za miaka ya 1960

Swali hili naletewa gereji karibu kila mwezi, na jibu langu huwa swali lingine: hiyo barabara ina kona ngapi? Watu hudhani nawakwepa.

Fungua boneti ya Mini (Cooper S ni Mini ileile iliyoongezwa nguvu). Injini imekingamishwa, gia ziko chini yake ndani ya sampu, yaani bakuli la oili, na oili ni ileile moja kwa zote mbili. Ukiacha oili ichakae, injini na gia zinaumia pamoja. Alec Issigonis, aliyelibuni, hakufanya hivyo kwa mbwembwe. Mgogoro wa Suez wa 1956 ulileta mgawo wa petroli Uingereza, na BMC, kampuni ya magari ya huko, ikataka gari dogo lisilo mlafi. Lililotoka 1959 lina urefu wa mita 3 na ushee, magurudumu ya inchi 10 yamesukumwa hadi kwenye pembe za bodi, na mahali pa springi za chuma pana koni za mpira. Ukigusa stelingi, limeshageuka. Kiuno chako nacho kitahesabu kila kokoto.

Kasoro yake maarufu iko nyuma tu ya grili: distribyuta, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi. Mvua ikirushwa na gari la mbele, maji yanaingia humo na injini inakata. Dawa ya mafundi ni glavu ya mpira ya kuoshea vyombo. Toboa ncha za vidole, pitisha waya wa plagi kwa kila kidole, kisha vuta mkono wa glavu ufunike distribyuta. Inachekesha, ila inafanya kazi.

Mustang ya 1965 ni mambo mengine. V8 (injini ya silinda nane) ya lita 4.7, uzito kama wa Mini mbili, na nyuma ekseli nzima imekalia springi za mabapa. Kanyaga mafuta katikati ya kona yenye mabonde uone mkia unavyohama. Breki za kawaida zilikuwa dramu hata mbele. Diski ulilipia zaidi, wakati Cooper S ilikuja nazo. Toleo kali liliandikwa nguvu za farasi 271 dhidi ya kama 76 za Cooper S yenye injini ya sisi (cc) 1275, ingawa Wamarekani enzi hizo walipima injini ikiwa tupu, haijabebeshwa sailensa ya gari wala mizigo mingine. Hata ukipunguza, barabara ikinyooka Mini inabaki kwenye kioo, ikizidi kuwa ndogo.

Mashabiki wa Mini hapo hunitajia mbio za magari za Monte Carlo za 1964, dereva Paddy Hopkirk alipoibuka mshindi kwa Cooper S. Ni kweli. Wa pili alikuwa Bo Ljungfeldt, na alikuwa ndani ya Ford Falcon ya V8, gari ambalo Mustang ilichukua sehemu zake nyingi za chini miezi michache baadaye. Kwa saa tupu Falcon ndiyo iliyokimbia zaidi. Hesabu za mashindano ziliwapa nafuu wenye injini ndogo. Lakini hebu fikiria: injini ya sisi 1071, milima ya Alps, theluji, na bado V8 nzima haikuweza kuiacha mbali kiasi cha kufuta nafuu hiyo.

Kwa hiyo nikipewa funguo mbili asubuhi ya kupanda mlima, nachukua ya Mini. Na glavu yangu.