Kiti cha Enzi Kichwani: Asili na Maana ya Jina la Isis

Katika michoro ya makaburi na mahekalu ya Misri ya kale, mungu wa kike Isis hutambulika kwa kiti cha enzi alichobeba kichwani. Kwa sababu hiyo, maelezo mengi husema bila kusita kwamba jina lake lina maana ya "kiti cha enzi". Dai hilo lina msingi, ila linaruka swali la awali, yaani alama hiyo ya kiti ilifanya kazi gani katika maandishi.

Isis ni umbo la Kigiriki. Wamisri waliliandika jina hilo kwa alama ya kiti ikifuatwa na ya mkate mdogo, isomwayo t, na mara nyingi alama ya yai, iliyodokeza kuwa anayetajwa ni wa kike. Kwa kuwa maandishi yao hayakuonyesha irabu, wataalamu husoma Aset au Iset kwa makubaliano tu. Hiyo t ni kiambishi cha jinsia ya kike, nayo ilififia katika matamshi kadiri karne zilivyopita. Ndiyo maana Kikopti, hatua ya mwisho ya lugha ya Kimisri, kinamwita Ese, na s ya mwisho katika Isis imetokana na sarufi ya Kigiriki.

Sasa turudi kwenye kiti. Katika hieroglifu, yaani maandishi ya picha ya Misri ya kale, picha iliweza kusimama kwa niaba ya sauti badala ya kitu kilichochorwa, kama vile mtu angechora paa wa porini ili asomewe paa la nyumba. Neno la Kimisri la kiti lilikuwa na sauti za s na t, kwa hiyo alama yake ilifaa kuliandika jina la Isis hata kama maneno hayo mawili hayakuwa na asili moja. Mtaalamu Mjerumani Kurt Sethe alipendekeza kwamba Isis mwanzoni alikuwa kiti chenyewe kilichopewa nafsi. Mtaalamu Henri Frankfort alikubaliana naye, akiona kwamba kiti ndicho kinachomfanya mtu kuwa mfalme, na hivyo kilihesabiwa kuwa mama yake. Hoja inayovutia, maana Isis ni mama wa mungu Horus, ambaye kila farao aliyekuwa hai alifananishwa naye. Wataalamu Jürgen Osing na Klaus Kuhlmann walipinga, kwa kuwa sauti za jina na za neno hazilingani kikamilifu na ushahidi wa kiti kuabudiwa haupo. Kimeroe, lugha ya ufalme wa Kush katika Sudani ya leo, huanza jina hilo kwa sauti ya w, isiyoelezeka kwa urahisi ikiwa chanzo ni kiti. Kwa maoni yangu, kiti kichwani ni kwanza kitambulisho cha kusomea jina, ingawa kwa Mmisri aliyejua kusoma uhusiano wake na ufalme haungeweza kufichika.

Dada ya Isis, Nephthys, ni kisa chepesi zaidi: alama zilizo kichwani mwake husomeka Nebet-hut, "bibi wa nyumba", na hapo sauti na maana vinakwenda pamoja.

Isis anatajwa tayari katika Maandiko ya Piramidi, yaani maneno ya kidini ya mazishi ya wafalme, yaliyochongwa ndani ya piramidi ya mfalme Unas, Saqqara, takriban mwaka 2350 KK. Zaidi ya miaka 2,000 baadaye, mwandishi Mgiriki Plutarch alilitafutia jina hilo chimbuko katika neno la Kigiriki la kujua, kosa la kawaida la kuunganisha maneno kwa kufanana tu. Hekalu la Isis la Philae, kisiwa cha Mto Nile kusini mwa Misri, lilifungwa katika karne ya 6 BK, chini ya Kaisari Justinian, lakini Wakristo waliendelea kuitwa Isidoro, yaani "zawadi ya Isis", na nchini Misri Paese, yaani "wa Isis".