Almasi Halisi Nayo Huvunjika

Katika mazungumzo ya wanunuzi wa vito jijini Mbeya bado husikika kwamba almasi halisi haivunjiki hata ikigongwa kwa nyundo. Imani hiyo ni ya kale, kwani Plinius wa Roma aliandika katika karne ya 1 kwamba almasi huvunja nyundo na fuawe, na inasikitisha kwamba jaribio la kugonga jiwe kwa nyundo huharibu mawe halisi.

Alama 10 katika kipimo cha Mohs, yaani kipimo cha ugumu wa madini, huonyesha kwamba almasi haikwaruzwi na madini mengine. Haisemi lolote kuhusu kustahimili pigo. Fuwele yake ina mielekeo minne ya mpasuko, na pigo likifuata mmojawapo jiwe hupasuka kama gogo la mlingoti linavyopasuka kufuata nyuzi zake.

Sehemu ya kukagua kwa makini ni mshipi, yaani ukingo unaotenganisha juu na chini ya jiwe lililochongwa, ambapo vikucha vya pete hushika. Mshipi mwembamba mno huweza kumeguka sonara anapobana vikucha, au pete inapogonga kitu kigumu. Mnene mno nao haufai kutafutwa, kwa sababu huongeza karati, yaani uzito wa jiwe, na hivyo bei, bila kuongeza upana unaoonekana kutoka juu. Wa wastani unatosha. Jiwe lenye mshipi mwembamba bado lafaa kwa hereni, ambazo hazigongwi sana, au kwa pete ambayo sonara amelizungushia ukuta kamili wa dhahabu.