Mkunazini, tazama juu

Kila mgeni anayeingia Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, Unguja, huonyeshwa nguzo za karibu na mlango zilizosimamishwa juu chini, kisha duara la marumaru mbele ya altare, mahali panaposimuliwa kuwa pa mti waliofungwa watumwa wakichapwa. Penye duara lile mtu hunyamaza, na ndivyo inavyopasa. Lakini kazi yangu ni majengo ya kale, na kila ninayeingia naye humwomba ainue macho.

Vyumba vya Mji Mkongwe vimebanwa na boriti. Ukuta na ukuta haviachani zaidi ya pale boriti ya mkoko inapofika bila kupinda, mita 3 hivi. Ndiyo maana hata nyumba ya tajiri ina vyumba virefu na vyembamba. Sasa Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, alitaka ukumbi wa kukusanya umma, juu ya kiwanja cha soko la watumwa lililofungwa 1873. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka uleule. Ibada ya kwanza ikasaliwa Krismasi ya 1877.

Boriti zisingefika. Steere akaezeka kwa tao: vipande vya matumbawe vilivyoshikanishwa kwa saruji, kutoka ukuta hadi ukuta. Wengi waliamini litaporomoka. Halikuporomoka, kwa kuwa katika tao kila kipande hukandamizwa na mwenzake, na matumbawe, yenye vitundu tele, ni mepesi kuliko mawe mengine. Uzito huteremka ubavuni ukisukuma kuta kwenda nje, kwa hiyo kuta hazina budi kuwa nene. Nalistaajabia paa hili kila mara: aliyelibuni ni mtu yuleyule aliyetafsiri Maandiko kwa Kiswahili. Alifariki 1882, akazikwa nyuma ya altare.

Adui wa paa hili ni maji. Matumbawe hunyonya unyevu, na yakipakwa chokaa huutoa tena polepole. Yakipakwa saruji, unyevu hukwama ndani, chumvi huganda, plasta huvimba. Miaka ya 2010 World Monuments Fund, shirika la kuhifadhi majengo ya kale, ilisimamia ukarabati kwa fedha za Umoja wa Ulaya, na nilifurahi sana. Hata hivyo, masika hayaishi kurudi. Kila yakipita, mimi hugonga plasta kwa kifundo cha kidole, hatua kwa hatua. Inapolia kama debe tupu, naweka alama ya chaki.