Acheni kusugua sarafu za pruufu

Wiki hii nimeletewa tena sarafu ya dhahabu ya ukumbusho ya pruufu, yaani iliyofuliwa kwa namna ya pekee ili uso wake uwe kama kioo, ikiwa imesuguliwa kwa dawa ya meno. Mwenye nayo aliniambia kwa fahari kwamba ameitakatisha ili niithaminishe vizuri. Nilipoiinamisha chini ya taa, uso uliokuwa kioo ulikuwa umejaa michirizi myembamba, yote ikifuata mwendo wa kidole chake.

Eti ikizidi kung'aa itauzwa ghali zaidi! Hakuna dhana inayoniumiza kama hii, maana hasara yake haina dawa. Kiwandani, muhuri wa chuma unaogonga picha hung'arishwa mpaka uwe kama kioo, huku sehemu za picha zikiachwa na ukungu mweupe. Kipande cha dhahabu nacho hung'arishwa, kisha hugongwa zaidi ya mara moja. Ndiyo maana picha huonekana kama inaelea juu ya maji. Dhahabu ni laini. Ukiisugua, hata kwa kitambaa cha pamba, unakikwaruza kioo na kuufuta ukungu. Sonara hawezi kuvirudisha. Mara nyingi kinachobaki kuuzwa ni uzito wa dhahabu tu.

"Lakini ilikuwa na madoa mekundu," wenye sarafu huniambia. Dhahabu haishiki kutu, ila Sovereign ya Uingereza na Krugerrand ya Afrika Kusini ni za karati 22 (sehemu 22 za dhahabu kati ya 24) na zimechanganywa na shaba, na shaba hiyo ndiyo hutoa doa. Liache. Kama ni utando wa kunata ulioachwa na mfuko wa plastiki ya PVC, itumbukize sarafu kwenye asetoni halisi, kimiminika cha kuyeyusha utando huo, penye hewa na mbali na moto, bila kuigusa kwa kitambaa.

Wengine hudhani pruufu ni dhahabu safi kuliko nyingine. Hapana, ni jina la namna sarafu ilivyofuliwa. Sovereign ya pruufu ina karati 22 sawa na ya kawaida. Wala pruufu si daraja la hali ya sarafu: iliyoshikwashikwa hubaki pruufu, ila hushuka chini ya 60 kwenye kipimo cha Sheldon cha hali ya sarafu, kinachoishia 70.

Na uchache peke yake si bei. Seti za pruufu za dhahabu za Mfalme George VI wa Uingereza za 1937 zilikuwa 5,501, na hutafutwa kwa sababu hazikufuliwa Sovereign za kawaida zenye sura yake. Sarafu adimu isiyo na anayeihitaji itakaa sandukuni.

Cheti cha uhalisi wa sarafu kitunze, lakini kisikutoe wasiwasi wote, kwani hata cheti hughushiwa. Sovereign halisi ina gramu 7.98 na kipenyo cha milimita 22.05. Ukilazimika kuitoa kwenye kapsuli, kasha lake la plastiki, uipime, ishike ukingoni, juu ya taulo iliyokunjwa, na usizungumze ukiwa umeiinamia: tone la mate huacha doa.